Mfumo wa mgonjwa mtandaoni baada ya upasuaji: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya yamekusanywa wodini na katika ziara za nyumbani, Unguja na Pemba, kutoka kwa watu waliopasuliwa na zaidi kutoka kwa jamaa wanaowauguza. Mimi ni muuguzi wa wodi ya upasuaji, na majibu nimeyaandika kwa namna ambayo mtu anaweza kusoma swali lake moja tu na akatosheka. Neno "mfumo" humu lina maana ya ukurasa au programu ya hospitali ambayo mgonjwa huingia kwa neno lake la siri, akaona taarifa zake na akaweza kuwaandikia wanaomtibu.

## Mambo ya mwanzo

1. Huu mfumo una nini hasa ndani yake?

Kwa kawaida una mambo manne: muhtasari wa kuruhusiwa, yaani karatasi inayoeleza ulifanyiwa nini na uishi vipi ukirudi nyumbani, orodha ya dawa, majibu ya vipimo, na tarehe za kurudi kliniki. Mingi ina pia sehemu ya kuandika ujumbe na kupandisha picha, na mingine hukutumia maswali mafupi kila siku kuhusu maumivu, homa na kidonda.

Mifumo ya aina hii si mipya. Ule wa MyChart, unaotumiwa na hospitali nyingi za Marekani, umekuwapo tangu mwaka 2000, na wenye jamaa Uingereza huenda wamewaona wakifungua NHS App kuangalia vipimo vyao. Kwetu, wengi hukutana nao kwa mara ya kwanza wanapopelekwa kutibiwa India au Dar es Salaam, wakarudi na karatasi yenye anwani ya mtandao iliyoandikwa pembeni kwa kalamu.

2. Hospitali niliyopasuliwa haina mfumo kama huo. Je, ukurasa huu unanihusu?

Unakuhusu. Ukiwa na namba ya simu ya wodi au ya WhatsApp uliyopewa siku ya kuruhusiwa, basi hiyo ndiyo njia yako, na majibu yanayohusu kuandika ujumbe, kupiga picha na kutambua dalili (maswali ya 12 hadi 16) yanafaa vilevile. Ipige picha karatasi ya kuruhusiwa kabla hujatoka getini, kila upande, kwa sababu karatasi hulowa, huraruka, na huachwa ndani ya gari.

3. Sina simu janja. Nimekosa kila kitu?

Hapana. Ujumbe wa kawaida wa simu na kupiga simu bado vinafanya kazi kubwa. Shehia nyingi zina wahudumu wa afya wa kujitolea wa mpango wa Jamii ni Afya wanaotembea nyumba kwa nyumba na simu mkononi. Ingawa kazi yao kubwa ni mama na mtoto, sijapata kumwona aliyekataa kuombwa amsaidie mgonjwa wa jirani kufikisha habari.

4. Akaunti ifunguliwe lini?

Kabla ya upasuaji. Nasisitiza jambo hili kwa sababu siku ya kuruhusiwa mgonjwa ana maumivu, dereva anasubiri nje, jamaa wanakusanya mikeka na birika, na hakuna anayesikia maelezo ya neno la siri.

Kuna sababu nyingine. Mfumo hukutambua kwa jina na tarehe ya kuzaliwa kama zilivyoandikwa mapokezi, na majina yetu huandikwa kwa njia nyingi: Mohamed, Mohammed, Muhammad, Khadija na Hadija, jina la babu liko kwenye kitambulisho lakini halipo kwenye faili. Wazee wengi hawajui siku waliyozaliwa, wakaandikiwa Januari mosi hapa na tarehe nyingine pale. Tofauti ya herufi moja inatosha kuifanya akaunti ikukatae, au, lililo baya zaidi, ikufungulie faili jipya lisilo na historia yako ya mzio wa dawa. Chukua kitambulisho chako, kaa na karani wa mapokezi, mhakikishe kwamba jina liko sawasawa kila mahali.

## Nani ashike akaunti

5. Mama amepasuliwa, naye hajui kutumia simu. Nani kati yetu watoto ashike akaunti yake?

Ashike yule anayekiona kidonda kila siku. Asiteuliwe kwa sababu ni msomi zaidi, ana simu nzuri, au ndiye aliyelipa nauli.

Namkumbuka bibi mmoja wa upande wa Micheweni aliyetolewa uvimbe tumboni. Akaunti yake ilikuwa kwa mwanawe anayeishi mjini Unguja, kijana mwema ambaye hakukosa hata siku moja. Kila jioni mfumo ulimletea maswali matano, la tatu likiwa: "Je, kidonda kinatoa maji au usaha?" Naye kila jioni alimpigia mama yake: "Shikamoo mama, hujambo?" Mama akajibu kama sote tunavyojibu hata tukiwa taabani: "Marahaba mwanangu, sijambo, alhamdulillahi." Kijana akabonyeza "Hapana". Kwa siku sita sisi wodini tulisoma "Hapana". Siku ya saba mjukuu wake wa kike, akimsaidia kubadilisha kanga, aliona doa la manjano lenye upana wa kiganja kwenye nguo ya ndani, na yeye ndiye aliyepiga simu. Mshono ulikuwa umeshaachia upande mmoja, bibi akalazwa tena kwa siku kumi na moja.

Hakuna aliyedanganya hapo. "Sijambo" ni adabu, na mtu mzima hawezi kumjibu mwanawe vinginevyo kwenye simu. Kosa lilikuwa kuichukua salamu na kuipeleka kwenye mfumo kama uchunguzi. Kwa hiyo, ikiwa hapana budi akaunti ikae kwa mtoto aliye mbali, basi apige simu wakati bendeji inafunguliwa, asome swali kama lilivyoandikwa, na amwulize aliye kando ya mgonjwa: "Unaona nini? Bendeji imelowa? Rangi gani? Inanuka?" Mjukuu wa darasa la sita anayejua kusoma na asiyeona haya kutazama ni mshika akaunti bora kuliko mhasibu aliye Maskati, mradi mtu mzima awe karibu naye.

6. Je, jamaa anayenisaidia ataona kila kitu changu?

Inategemea ulivyompa ruhusa. Mifumo iliyo mizuri humpa msaidizi njia yake ya kuingilia, yenye neno lake la siri, na hukuwezesha kuchagua aone nini. Tarehe za kliniki na dawa, kwa mfano, bila ya majibu ya maabara. Muulize muuguzi kama njia hiyo ipo kabla ya kumpa mtu neno lako la siri, kwa sababu ukishampa hilo umempa faili lote, pamoja na mimba zilizopita, kipimo cha virusi vya Ukimwi, na yale uliyomwambia daktari faraghani.

Stara ya mgonjwa ni haki yake hata mbele ya mume, mke au mtoto. Mwanamke aliyetolewa kizazi au aliyeshonwa fistula ana haki ya kuchagua dada au shoga yake awe msaidizi, na haulizwi sababu.

7. Namba ya uthibitisho inatumwa kwenye laini niliyonunua India, nami nimeshaitupa. Nifanye nini?

Swali hili naulizwa karibu kila mwezi. Msafara wa matibabu unapofika, jamaa hununua laini ya huko ili kuwasiliana, akaunti inafunguliwa kwa namba hiyo, kisha wanarudi nyumbani na laini inakufa. Tangu hapo kila mtu anapojaribu kuingia, namba ya uthibitisho inakwenda pasipo na mtu.

Iandikie hospitali kwa barua pepe, au mpigie mratibu wa wagonjwa wa kigeni aliyekupokea, ukitaja jina kama lilivyo kwenye pasipoti na namba ya usajili waliyokupa (iko juu ya kila karatasi yao), ukaomba namba ya simu ibadilishwe. Watakutaka uthibitishe kwamba ni wewe, na hilo ni jambo jema. Kwa anayejiandaa kusafiri, nasihi yangu ni kwamba akaunti ifunguliwe kwa barua pepe ya familia na kwa laini ya Zanzibar, na apakue muhtasari, picha za mionzi na majibu ya maabara kabla hajapanda ndege kurudi.

## Kusoma kilichoandikwa

8. Mfumo umeniandikia miadi ya 08:00. Nimekwenda saa nane mchana, nimeambiwa nimechelewa. Kulikoni?

08:00 ni saa mbili asubuhi. Mifumo hii huhesabu kuanzia usiku wa manane, nasi tunahesabu kuanzia machweo na macheo. Kwa namba iliyo kati ya 07 na 18, toa sita: 08:00 ni saa mbili asubuhi, 14:30 ni saa nane na nusu mchana, 18:00 ni saa kumi na mbili jioni. Kwa namba kuanzia 19 na kuendelea, toa kumi na nane, kwa hiyo dawa iliyoandikwa 22:00 inamezwa saa nne usiku.

Tarehe nazo zina mtego. Mfumo uliotengenezwa Marekani unaweza kuandika 04/07 ukiwa na maana ya tarehe 7 Aprili, si tarehe 4 Julai. Na ukiwa na miadi ya simu ya video na daktari aliye India, kumbuka kwamba wao wako mbele yetu kwa saa mbili na nusu; daktari anayekungoja saa nne asubuhi ya kwake anakutaka uwe tayari saa moja na nusu asubuhi ya hapa. Ukipata miadi yoyote, ijibu kwa maneno kamili, "Nitakuja Jumanne saa mbili asubuhi", ili kosa lijulikane mapema. Nimeona wazee walioamka alfajiri huko Nungwi, wakapanda gari mbili, wakarudishwa kwa sababu ya jambo hili tu.

9. Herufi BD, TDS na PRN kwenye orodha ya dawa zina maana gani?

BD ni mara mbili kwa siku, TDS mara tatu, OD mara moja, na PRN ni pale unapohitaji tu, kwa mfano maumivu yakizidi. Kwenye bahasha ya duka la dawa utaona 1x3, yaani kidonge kimoja mara tatu, kila baada ya saa nane. POD 3 si dawa, ni siku ya tatu baada ya upasuaji.

Ikiwa orodha ya mfumo na bahasha hazilingani, usichague mwenyewe, uliza. Angalia pia dawa moja yenye majina mawili: parasetamoli huuzwa kwa majina mengi, na mtu mzima hapaswi kuzidisha gramu 4 kwa siku, yaani vidonge vinane vya miligramu 500, vyote vikihesabiwa pamoja.

10. Majibu ya damu yana alama nyekundu. Je, niogope?

Alama hiyo inawekwa na kompyuta, ambayo hukulinganisha na mtu mzima wa afya asiyepasuliwa. Baada ya upasuaji ni kawaida chembe nyeupe za damu kupanda kwa siku chache, na kipimo cha CRP (cha damu, ambacho hupanda mwili unapopambana na jeraha au maambukizi) hufika kilele kwenye siku ya pili au ya tatu kisha hushuka. Wekundu wa damu hupungua kwa kadiri ulivyopoteza damu. Daktari huangalia mwelekeo: CRP iliyokuwa ikishuka kisha ikapanda tena siku ya tano humshughulisha zaidi kuliko namba kubwa ya siku ya pili.

Na "negative" ni "haijaonekana". Mara nyingi hiyo ni habari njema. Nimeliweka hapa kwa sababu wapo waliolia kwa kudhani kwamba neno hilo ni baya.

11. Majibu ya kinyama (kipande kilichokatwa mwilini kupimwa maabara) yametokea kwenye simu kabla daktari hajanipigia. Nisome?

Uamuzi ni wako, na hulazimiki kusoma peke yako. Huko Marekani, mwaka 2010, madaktari zaidi ya 100 wa Boston, Pennsylvania na Seattle walianza kuwafungulia wagonjwa maelezo waliyoyaandika kuwahusu, na wagonjwa wengi walieleza kwamba waliielewa vyema zaidi hali yao. Tangu Aprili 2021 sheria ya huko inazitaka hospitali zisizuie taarifa za mgonjwa, kwa hiyo majibu hutokea mara yanapokamilika, hata ikiwa ni usiku wa Ijumaa. Mgonjwa wa Zanzibar aliyetibiwa mahali kama hapo, au katika hospitali inayofuata utaratibu huo, atakutana na jambo hilo.

Ningependa mgonjwa aulizwe kabla: "Majibu yakitoka, ungependa kuyaona kwanza au nikupigie?" Usipoulizwa, sema mwenyewe. Ukiamua kufungua, fungua mchana, ukiwa na mtu, siku ambayo kliniki iko wazi. Maneno ya maabara yameandikwa na daktari kwa ajili ya daktari mwenziwe, na neno moja lisilofahamika likitafutwa mtandaoni saa sita za usiku huzaa hofu ambayo dakika kumi za mazungumzo zingeiondoa. Kama umeshasoma na umeshtuka, andika: "Nimeona majibu ya kinyama, nimeshtuka, naomba kupigiwa." Ujumbe huo hautamshangaza mtu.

## Kuandika na kupiga picha

12. Niandike vipi ili nijibiwe kwa faida?

Ujumbe tunaoupokea mara nyingi zaidi ni huu: "Assalamu alaykum, hali yangu si nzuri naomba msaada." Salamu ni wajibu, lakini muuguzi anayesoma hana analoweza kufanya isipokuwa kukuandikia maswali, na jibu lako la pili huja siku ya pili. Ulinganishe na huu:

"Assalamu alaykum. Nilipasuliwa ngiri tarehe 3, leo ni siku ya sita. Tangu jana alfajiri upande wa juu wa mshono umevimba, ukubwa wa kokwa ya tende, na una joto. Leo bendeji imelowa maji ya manjano yasiyonuka. Homa niliyopima saa mbili asubuhi ni 37.6. Nakula na nakwenda haja. Dawa za siku tano nimezimaliza jana. Je, nije leo au nisubiri miadi ya tarehe 12?"

Humo mna tarehe ya upasuaji, mahali pa tatizo, lilianza lini, ukubwa kwa kitu kinachojulikana, namba iliyopimwa, dawa, na swali lenyewe mwishoni. Andika kwa Kiswahili. Anayejaribu Kiingereza asichokizoea hupoteza habari muhimu njiani, na mtafsiri wa hospitali ya nje atafaidika na Kiswahili kilichonyooka kuliko na Kiingereza cha kubahatisha.

Swali la "maumivu ni ngapi kati ya 0 na 10" huwatatiza wengi. Jibu namba, kisha ongeza unaloshindwa kufanya: "Saba, siwezi kuinuka kwenda kusali bila kushikwa."

13. Nipige picha ya mshono kwa namna gani?

Osha mikono, ondoa bendeji, na umsogeze mgonjwa karibu na mlango au dirisha mchana, mahali penye mwangaza lakini pasipopigwa na jua moja kwa moja. Zima taa ya kamera. Piga mbili: moja kwa mbali kiasi cha kuonyesha kidonda kiko wapi mwilini, nyingine kwa karibu, na pembeni uweke rula ya skuli bila kugusa ngozi. Piga na bendeji iliyotoka, upande wa ndani, kwani mara nyingi hiyo hueleza zaidi kuliko mshono. Kesho yake piga tena kwa umbali uleule.

Vijikaratasi vingi vya maelekezo huandika "angalia wekundu". Kwenye ngozi nyeusi wekundu hauonekani kirahisi. Unachoweza kuona ni ngozi iliyokolea weusi au kuelekea zambarau, inayong'aa na iliyovutika. Kwa hiyo usiitegemee picha peke yake. Weka mgongo wa kiganja karibu na mshono, kisha upande wa pili wa mwili, ulinganishe joto, na uliandike hilo katika ujumbe.

Picha ikishafika, ifute kwenye simu, na usiipitishe katika kundi la WhatsApp la familia. Mwili wa mgonjwa si habari ya ukoo.

14. Nimeandika jana na sijajibiwa. Je, nisubiri?

Mifumo mingi husomwa siku za kazi tu, na majibu huweza kuchukua siku moja hadi tatu. Kama swali lako ni la kukogea au la tarehe ya kutolewa nyuzi, subiri. Kama hali imebadilika tangu ulipoandika, usiandike ujumbe wa pili. Piga simu au nenda. Na ikiwa ni mojawapo ya dalili za swali linalofuata, hukupaswa kuandika tangu mwanzo.

## Dalili zisizosubiri ujumbe

15. Ni wakati gani niache simu niende hospitali?

Ondoka mara moja ukiona kifua kinabana au pumzi inakatika. Mguu mmoja umevimba na unauma kwenye shavu la mguu. Damu inayolowesha bendeji tena baada ya kubadilishwa. Mshono umefunguka au kuna kitu kimetokeza. Homa ya 38 au zaidi, hasa ikiwa na kutetemeka. Mgonjwa anababaika au hazindukani vizuri. Kutapika kusikokubali hata maji. Tumbo limejaa na hakuna choo wala upepo. Au mkojo hautoki. Kwa mama aliyejifungua kwa upasuaji, ongeza maumivu makali ya kichwa yenye ukungu wa macho, ambayo yanaweza kuwa shinikizo la damu la uzazi hata wiki kadhaa baada ya mtoto kuzaliwa.

Nataka nikae hapa kidogo, kwa sababu maelekezo ya mifumo huandikwa kana kwamba kila mtu ana barabara mlangoni. Mtu wa Kojani au Tumbatu hawezi kuondoka bila chombo. Mtu wa Micheweni aliyepasuliwa Mkoani ana urefu wa kisiwa kizima mbele yake. Kwa hao, saa ya kuondoka ni mapema zaidi kuliko ya mtu wa Chake Chake. Nawashauri waamue siku ya kuruhusiwa: chombo ni cha nani, namba yake ya simu ni ipi, nani atabeba, na kituo cha afya kilicho karibu zaidi ni kipi. Dalili ya jioni isingojewe hadi asubuhi "ili tuone itakuwaje", kwani usiku hakuna wa kuvusha. Anayeishi kisiwani akiona homa ya 37.8 na mshono wenye joto saa kumi jioni, hana kosa akivuka.

16. Niangalie mshono na mfumo kwa siku ngapi?

Maambukizi ya kidonda cha upasuaji huhesabiwa hadi siku 30, na hadi siku 90 kwa aliyewekewa chuma, nyonga ya bandia au kitu kingine ndani ya mwili. Wengi huacha kufungua mfumo mara nyuzi zinapotoka, nazo hutoka mapema: usoni siku tatu hadi tano, tumboni saba hadi kumi, miguuni kumi hadi kumi na nne. Baada ya hapo punguza, usiache. Mara mbili kwa wiki inatosha.

## Mambo ya nyumbani na mambo ya nadra

17. Nimejifungua kwa upasuaji, na nyumbani wanataka kunikanda kwa maji ya moto. Niwaambie hospitali?

Waambie, na usione haya. Kukanda ni ukarimu wa mama na shangazi kwa mzazi, na nimelelewa nao. Lakini tumbo lenye mshono mpya halikandwi: maji ya moto huunguza ngozi iliyo na ganzi kuzunguka mshono, huulowesha, na kusukuma kunaweza kuufungua. Miguu na mgongo vinaweza kukandwa kwa mkono mwepesi, isipokuwa mguu uliovimba kama ilivyoelezwa katika swali la 15, ambao haukandwi kabisa.

Kama kidonda kimeshapakwa kitu, iwe manjano, asali, majivu au dawa ya miti, andika jina lake katika ujumbe. Muuguzi anayejua huosha kidonda ipasavyo; asiyejua huona rangi ya manjano akadhani ni usaha. Nawaomba wauguzi wenzangu nao wajibu bila kukaripia, kwa sababu anayekaripiwa mara moja haandiki mara ya pili.

18. Mwezi wa Ramadhani umeingia na mfumo unanikumbusha dawa mchana. Nifanyeje?

Mgonjwa ameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na hilo limo katika Sura ya al-Baqara. Kama daktari ameona unaweza kufunga, dawa ya mara mbili huweza kumezwa futari na daku, lakini ya mara tatu haiwezi kubanwa usiku bila ya kubadilishwa aina. Muulize kabla ya mwezi kuandama, naye abadilishe ratiba ndani ya mfumo ili vikumbusho visikuchanganye.

19. Nilipasuliwa nje, sasa niko nyumbani. Nimwulize nani?

Kwa kidonda, homa na maumivu, mwulize daktari wa hapa, kwa sababu ndiye anayeweza kukugusa. Kwa jambo linalohusu upasuaji wenyewe, kama aina ya chuma kilichowekwa au muda wa dawa za kuzuia damu kuganda, waandikie waliokupasua, kisha jibu lao umpelekee daktari wa hapa. Muhtasari wako uwe kwenye simu na kwenye karatasi. Umeme ukikatika au mtandao usiposhika, karatasi husomeka.

20. Mfumo umeandika kwamba nilipasuliwa upande wa kushoto, nami nilipasuliwa kulia.

Ripoti siku hiyohiyo, kwa simu na kwa maandishi, na uhifadhi picha ya ukurasa huo. Vivyo hivyo kwa mzio wa dawa uliokosewa au kundi la damu lisilo lako. Usikubali kuambiwa kwamba ni kosa la uchapaji tu, kwani daktari wa zamu asiyekujua atasoma hapo hapo.

21. Mama amefariki, lakini ujumbe wa kumkumbusha kliniki bado unakuja.

Poleni sana. Mfumo haujui, na ujumbe huo utaendelea mpaka mtu wa kumbukumbu za hospitali auzime. Mpigieni au mwende na cheti cha kifo. Ombeni vikumbusho visimamishwe siku hiyohiyo, hata kama taratibu nyingine zitachukua muda. Aliyekuwa na ruhusa ya kusaidia apakue kwanza muhtasari na majibu ya kinyama, kwa kufuata utaratibu wa hospitali, kwa sababu ugonjwa ukiwa ni wa kurithiana, binti zake wataulizwa habari zake watakapokwenda kupimwa, na akaunti ikishafungwa huenda ikawa vigumu kuzipata tena.